Kwa nini fataki haziuzwi dukani

Kila Mwaka Mpya ukikaribia, swali hurudi Ukunda na Diani: mbona fataki, au fashifashi, zisiuzwe madukani kila mtu akarushe kwake?

Fataki zina baruti, na kwa hiyo zimo chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kuziingiza nchini na kuziuza kunahitaji kibali cha Serikali ya Kitaifa. Leseni ya biashara ya kaunti haitoshi.

Lakini hata tukiiweka sheria kando, Diani na Msambweni ni pwani ya makuti. Desemba kaskazi huwa imeanza kuvuma na makuti yamekauka. Cheche ikitua juu ya paa, upepo huufikisha moto kwa jirani kabla ndoo ya kwanza haijajaa. Hoteli ina vizima-moto na walinzi wa usiku. Nyumba nyingi vijijini hazina. Hata vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto huwaka kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,000.

Wako wanaouliza kwa nini raha iwe ya wageni wa hoteli peke yao. Wana haki kuuliza. Afadhali onyesho moja la wazi, linaloendeshwa na wenye kibali, mbali na makuti na mbali na fukwe wanakotaga kasa, maana mwanga wa usiku huvipotosha vitoto vyao njia ya baharini.

Ukiona fataki zikiuzwa kiholela, mwarifu chifu au polisi. Moto ukizuka, piga 999. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno, kisha apelekwe hospitalini.