Silikanti, samaki wa kale wa vilindi vya pwani yetu

Silikanti ni samaki mkubwa wa kilindini. Hadi mwaka 1938 wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, wakiamini kwamba ukoo wake ulitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka huo meli ya uvuvi ilimnasa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, akatambua kwamba huyo si samaki wa kawaida. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua tangu zamani, wakimwita gombesa.

Kenya ilimpata mwaka 2001. Meli ya kukokota nyavu ilimtoa nje ya Malindi. Alikuwa na uzito wa kilo 77.

Ajabu yake kubwa ni mapezi. Yamebebwa na vikonyo vya nyama vyenye mifupa ndani, na huchezeshwa kwa zamu, la mbele la kulia pamoja na la nyuma la kushoto, kama miguu ya mnyama anayetembea. Mwili ni wa buluu iliyokolea, wenye mabaka meupe na magamba mazito. Mchana hujificha mapangoni, aghalabu kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Usiku hutoka kuwinda, akielea polepole na mkondo.

Silikanti hatagi. Yai lake, ambalo huweza kuzidi gramu 300, huangulika tumboni, naye huzaa watoto walio hai. Utafiti wa mwaka 2021 uliosoma alama za magamba yake ulikadiria kwamba mimba huchukua miaka 5, na kwamba jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 50.

Kwa samaki wa namna hiyo, jarife ni balaa. Wavu huo wa papa ukitegwa kilindini humnasa bila kukusudiwa. Huko Tanga walinaswa wengi katika miezi michache ya 2004 na 2005, na mwaka 2009 Tanzania ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Akishatolewa kina kile, ni nadra kupona hata akirudishwa majini. Wavuvi wa jarife, Kenya na Tanzania, wayaepuke magenge ya kilindini.