Kamera Bila Waya: Pima Nyumba Kabla ya Kupima Kamera

Ingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, uliza kamera ya ulinzi ya Wi-Fi. Muuzaji ataanza na megapikseli: hii mbili, hii nne, ile pale ni 4K. Kisha atawasha simu akuonyeshe picha ya kaunta yake, safi kiasi cha kusomeka maandishi ya risiti. Picha hiyo ni ya kweli, ila imepigwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, chini ya taa, umeme ukiwepo. Kwako kamera hiyohiyo itafanya kazi saa nane usiku, nyuma ya kuta tatu, pengine mtaa mzima ukiwa gizani.

Mfumo wa kamera zisizo na waya unasimama juu ya mambo manne: mahali lenzi inapoelekea, umeme, mawimbi ya mtandao na hifadhi ya picha. Mengi kati ya hayo yanategemea nyumba yako kuliko kilichomo ndani ya boksi. Ndiyo maana watu wawili hununua kamera ya aina moja, mmoja akaisifu, mwenzake akaapa hatanunua tena.

Kamera ijibu swali gani?

Mwaka 1966 nesi mmoja Mmarekani mweusi, Marie Van Brittan Brown, mkazi wa Queens, New York, aliomba hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumba wenye kamera na televisheni. Aliiomba pamoja na mumewe Albert, fundi wa vifaa vya elektroniki, na walipewa tarehe 2 Desemba 1969. Kazi zao zilikuwa za saa zisizotabirika, mara nyingi mama huyo alibaki nyumbani peke yake, na polisi wa eneo lao walichelewa kufika. Hakuhitaji kuona mtaa mzima. Alitaka kujua ni nani anayegonga, kabla hajafungua mlango.

Mnunuzi wa leo naye aanze na swali lake. Kuna anayetaka kujua tu kama mtu ameingia uani. Kuna anayetaka kujua kama aliyeingia ni wa nyumbani au mgeni. Na kuna anayetaka sura ya mgeni ionekane vizuri kiasi cha kupelekwa polisi. Maswali haya matatu yana vipimo vyake. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilisema kugundua kwamba kuna mtu kunahitaji pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana; kumtambua unayemfahamu, pikseli 125; na kumbainisha usiyemfahamu, pikseli 250.

Tufanye hesabu. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Ikiwa lenzi yake inatazama pembe ya nyuzi 90, basi umbali wa mita 4 inaona eneo lenye upana wa mita 8. Gawa 1,920 kwa 8, unapata pikseli 240 kwa mita: sura ya mgeni iko karibu kabisa na kiwango. Umbali wa mita 8 zinabaki 120, zinazokaribia kutosha kumjua jirani au shemeji. Umbali wa mita 15 zinabaki 64. Utaona kuna mtu, utaona rangi ya shati, sura hutaipata.

Hesabu hiyo ni ya mchana, tena kwa picha isiyotikisika. Maana yake ni kwamba kamera iliyofungwa barazani ikitazama geti lililo mita 15 haitakupa sura ya mwizi, hata muuzaji aseme nini. Ukinunua 4K, umbali unaongezeka maradufu, lakini na mzigo wa data unaongezeka. Mara nyingi ni nafuu zaidi kusogeza kamera ya kawaida karibu na geti. Urefu nao uangaliwe: ikiwekwa juu sana, itarekodi kofia. Kati ya mita mbili na nusu na tatu hutosha kuiweka mbali na mikono bila kupoteza nyuso.

Umeme unakuja kwa njia tatu

Kinachosafiri bila waya ni picha. Umeme bado lazima utoke mahali. Njia ya kwanza ni soketi: kamera ina chaja yake, na waya mwembamba unatoka ndani hadi ukutani nje. Kamera hizi huwa macho muda wote na zinaweza kurekodi saa 24. Udhaifu wake unajulikana na kila anayelipia LUKU au tokeni: umeme ukikatika, kamera na ruta vinazima kwa pamoja, na saa hiyo ndiyo mwizi anayoipenda. Dawa ni kifaa kidogo cha akiba ya umeme cha volti 12. Chenye betri ya wati-saa 37, ile inayoandikwa mAh 10,000, kikibeba ruta inayotumia wati 8 kitakupa takriban saa nne. Kama una fiber, kiboksi chake cha ukutani nacho kinahitaji umeme. Kikizimika hicho, ruta iliyobaki hai haina intaneti ya kukupa.

Njia ya pili ni betri. Ili betri idumu miezi, kamera hulala kama mlinzi anayengoja apigwe kiwiko. Kinachoiamsha ni kihisi cha joto la mwili, na katika kuamka hupoteza sekunde moja au zaidi, wakati mwingine zilezile ambazo mtu alikuwa ameelekeza uso kwenye lenzi. Kihisi hicho hufanya kazi vizuri mtu anapokatiza mbele ya kamera kuliko anapoijia moja kwa moja, hivyo ifunge ikitazama njia kwa ubavu. Tena hutegemea tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira. Pwani alasiri, ukuta uliopigwa na jua unapokaribia joto la mwili, kihisi hupungukiwa.

Njia ya tatu ni betri yenye paneli ya sola. Hapa kuna jambo ambalo vijitabu vingi vya maelekezo vinatupotosha: vimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, vinasema paneli itazame kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Paneli iliyofungwa kwenye ukuta wa kusini, chini ya upenu wa paa, itakaa kivulini wiki nyingi. Kwetu paneli ilazwe karibu bapa, ikiinama kidogo kaskazini ili maji na vumbi viteleze, na iwe mbali na upenu. Nairobi na Kampala, zilizo karibu kabisa na ikweta, paneli bapa yenye mwinamo kidogo inatosha.

Mawimbi na kuta

Kamera nyingi za bei ya kati hutumia mawimbi ya 2.4 GHz pekee, na si kasoro: hufika mbali na hupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz. Lakini kuta zetu ni nzito. Tofali la saruji, zege lenye nondo, mawe ya matumbawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Mombasa, vyote hudhoofisha mawimbi. Geti la bati huyazuia hasa.

Kipimo chake hakina gharama. Kabla fundi hajatoboa ukuta, nenda na simu mahali kamera itakapokaa, iunganishe na Wi-Fi ya 2.4 GHz, funga milango na geti kama inavyokuwa usiku, kisha piga simu ya video kwa dakika kadhaa. Ikikwama, kamera nayo itakwama. Sogeza ruta, au ongeza kifaa cha kurudisha mawimbi, na ukipime tena. Fedha iliyotumika hapa huleta faida kuliko fedha iliyoongezwa kwenye megapikseli.

Upande wa bando, kuna kutokuelewana kwingi. Kamera inayorekodi kwenye kadi yake au kwenye rekoda iliyomo ndani haili bando lako. Inatumia Wi-Fi ya nyumbani tu. Bando huliwa unapotazama ukiwa mbali, au picha zinapopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha ya 1080p inayotumia megabiti 2 kwa sekunde ni gigabaiti 0.9 kwa saa, sawa na 21.6 kwa siku, karibu 650 kwa mwezi, kwa kamera moja. Kamera hiyohiyo ikipeleka matukio tu, tuseme matukio 20 kwa siku ya sekunde 20 kila moja, hutumia takriban gigabaiti 3 kwa mwezi. Anayetegemea bando la simu hana budi kuchagua njia hii ya pili.

Picha zikae wapi?

Kadi ndogo ndani ya kamera ni rahisi na haina malipo ya kila mwezi. Kadi ya GB 128 hubeba siku tano na ushee za kurekodi mfululizo kwa kiwango tulichotaja, kisha picha mpya hufuta za zamani. Chagua kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo, kwani za kawaida huchoka upesi. Udhaifu wake ni mmoja: mwizi akiing'oa kamera, ameondoka na ushahidi.

Hifadhi ya mtandaoni inaondoa hofu hiyo, ila ina ada, na baadhi ya kampuni huzuia hata kutambua watu au kuona matukio ya jana mpaka ulipie. Uliza swali hili dukani kabla ya kulipa: nisipolipia kifurushi, kamera hii inafanya nini? Mtandao ukikatika au ukizibwa na vifaa vya kuvuruga mawimbi, hifadhi hiyo haipokei kitu. Rekoda iliyofichwa chumbani ni njia ya kati. Ukiitaka, hakikisha kamera inakubali kiwango cha ONVIF, kinachowezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana. Kamera nyingi za betri hazikikubali. Penye mali ya thamani, picha zikae mahali pawili.

Usiku, wadudu na macho ya wengine

Taa za infraredi za mawimbi ya nanomita 850 hufika mbali lakini huacha mwanga mwekundu hafifu kuzunguka lenzi. Za 940 hazionekani, ila hufika karibu zaidi. Aina zote mbili humulika utando wa buibui na wadudu wanaopita karibu na lenzi, na simu yako italia usiku kucha. Futa lenzi mara kwa mara, usielekeze kihisi kwenye matawi, na ulipie zaidi kamera inayotofautisha mtu na mjusi. Mtu anayepigiwa kengele za uongo kila usiku huishia kuzima arifa, na hapo mfumo umekufa. Kwa kamera ya nje tafuta alama ya IP65 au IP66: tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji.

Kamera ni kompyuta, na kompyuta huvamiwa. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo la vifaa liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyohudumia majina ya tovuti nyingi, na tovuti kubwa, Twitter na Netflix zikiwemo, hazikupatikana kwa saa kadhaa. Februari 2024 kampuni ya Wyze ilikiri kwamba wateja wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Badilisha nywila siku ya kwanza, washa uthibitisho wa hatua mbili, sasisha programu. Usimwachie fundi aliyekufungia akaunti iliyosajiliwa kwa barua pepe yake.

Na kumbuka wanaorekodiwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda yake ni ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sura ya mtu ni taarifa yake. Elekeza lenzi kwenye geti lako, iache dirisha la jirani. Dada wa kazi aambiwe kamera ziko wapi, na chumbani anakolala wala bafuni isiwepo hata moja.

Uamuzi kwa kaya tatu

Mpangaji wa chumba katika nyumba yenye geti la pamoja anatosheka na kamera moja ya soketi ndani, inayotazama mlango wake, yenye kadi na kifaa cha akiba cha ruta. Hahitaji mfumo. Mwenye nyumba yenye uzio aweke kamera ya soketi karibu na geti na nyingine mlango wa nyuma, rekoda ndani, na za betri kwenye pembe ambazo waya haufiki. Anayejenga Kigamboni au Kitengela huku yuko Muscat au London, akihofia saruji na nondo, anunue kamera ya laini ya 4G yenye sola, iliyowekewa kurekodi matukio tu, na awe na mtu wa karibu anayeweza kufika pale arifa inapoingia. Bila mtu huyo, atakachopata ni video ya mali yake ikiondoka.

Bajeti ikibana, mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza kitasa imara na taa ya nje, pili akiba ya umeme na mawimbi yanayofika, tatu hifadhi. Megapikseli zije mwisho, kwa fedha itakayobaki.