Programu Isipoteze Ramani Yake

Programu ikijifunga ghafla kwenye simu ya mtu aliyekaa Forodhani, yeye huona imetoweka tu, na fundi aliyeiandika hupokea ripoti yenye namba kama 0x4a7f10. Namba hiyo pekee ni sawa na kuambiwa utafute nyumba katika vichochoro vya Mji Mkongwe bila jina la mtaa. Alama za utatuzi (debug symbols), yaani ramani ya programu, ndizo huigeuza kuwa jina la fanksheni, faili na mstari wenye kosa. Kwa hiyo kuzitupa ni kujipofusha.

Wapo wasemao kuwa zinanenepesha programu. Ni kweli, huweza hata kuizidi ukubwa mara kadhaa, na bando ni ghali. Lakini dawa ni kuzitenga, si kuzifuta. Mozilla hufanya hivyo kwa Firefox: mtumiaji hupakua programu nyepesi, alama hubaki kwenye seva, zikiunganishwa na toleo husika kwa kitambulisho maalumu. Anayehofia kufichua siri za msimbo wake azihifadhi alama hizo kwenye seva yake mwenyewe, chini ya ufunguo. Vijana wa Unguja mnaoandika programu, hifadhini alama za kila toleo siku mnayolitoa. Mkiliunda upya baadaye, anwani huenda zisilingane. Akiba haiozi.