Kasiterite yetu inakaa wapi ndani ya meli?

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaongojea makuta ya gunia nyumbani, safari ya kasiterite haiishi Kindu. Kutoka Kibombo inaenda na treni ao kamiyo, na mbele zaidi inaweza kufika bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa ndani ya kontenere. Pale kuna meli yenye kubeba maelfu ya kontenere. Nani anachagua nafasi ya ile yetu?

Ni mtu anayekaa mbele ya ordinatere. Programu yake iko na ramani ya meli kama ilivyochorwa na waliyoijenga: umbo la tumbo, matangi ya maji, nguvu ya chuma. Kila kontenere anayoweka, programu inahesabu: meli inazama kiasi gani, inalala upande gani, mwili wake unapindika namna gani. Kila nafasi iko na tarakimu sita. Kontenere ya 110204 iko sehemu yenye namba 11, namba zikianzia mbele, mstari wa kwanza kushoto ya katikati, ya pili kutoka chini kabisa. Zile za juu ya sitaha zinaanzia 82.

Sasa kasiterite iko na ujanja wake. Tani 25 ndani ya kontenere ya futi 20 zinafika karibu na magoti tu. Ukifungua mlango utasema haina kitu! Jirani yake imejaa magodoro mpaka juu, lakini iko nyepesi. Basi ya magodoro inapanda, ya kwetu inashuka. Watu wa Lualaba hawahitaji kufundishwa hiyo: nani anaweka chumvi juu ya kuku ndani ya mtumbwi? Lakini ukirundika uzito wote chini, meli inajirudisha kwa nguvu sana, inatikisika mpaka vifungo vinakatika. Tena kontenere inayoshuka bandari ya kwanza haiwezi kulala chini ya inayoshuka ya mwisho. Hapo ndipo kichwa kinauma.

Kazi hii yote inategemea kilo zilizoandikwa. Tarehe 18 Januari 2007 meli MSC Napoli ilipasuka karibu na Uingereza. Watu wake 26 waliokolewa wote. Udhaifu wa mwili wa meli ndio uliletea ajali, lakini wachunguzi walipopima kontenere 660 za juu ya sitaha, 137 zilitofautiana na makaratasi kwa zaidi ya tani 3. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa tani 20.

Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya dunia inakataza kupakia kontenere isiyopimwa uzito kamili: mali, mbao, mapipa, na chuma ya kontenere yenyewe. Kwa hiyo kilo za etiketi ya gunia peke yake hazitoshi.

Mchimbaji anajua vizuri mizani inayodanganya, juu inamunyanganya kila siku. Huku inakula jasho lake. Kule kwenye bahari, kontenere ya tani 25 iliyoandikwa 12, kwa ordinatere iko ya 12, na inaweza kuwekwa juu.