KILIMO CHA VULI KATIKA SHAMBA LETU LA MTONGWE

Wengi hudhani Likoni ni feri na matatu tu. Lakini huku Mtongwe na Shika Adabu watu wangali wanalima, na nyanya yangu ni mmoja wao.

Pwani tuna misimu miwili ya mvua. Mvua kubwa, ile ya mwaka, huja na kusi kuanzia Machi au Aprili. Vuli hunyesha Oktoba hadi Disemba, kisha kaskazi huvuma na jua huwaka mpaka Machi. Kwa hivyo zao la vuli lazima likomae mapema, kaskazi isilikute changa.

Mwaka jana mama alininunulia kilo 2 za mahindi ya Pwani Hybrid, mbegu iliyotengenezewa joto letu, kwa pesa zake za mahamri. Manyunyu ya kwanza yalipopiga nikashika jembe. Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, hiyo imelowesha vumbi tu. Chimba uone." Mimi na Jiografia yangu nikaona ati ananichelewesha. Nikapanda paketi nzima! Miche ikatoka, ikakaa siku kumi bila tone, ikanyauka yote. Mama hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye nyanya alinionyesha. Unachimba mpaka mkono uzame kifundoni. Chini kukiwa kukavu, unangoja, maana mchanga wetu haushiki maji. Mbegu hupandi zote, nyingine unaweka akiba. Mvua ikichelewa sana, achana na mahindi, panda pojo, hukomaa kwa miezi miwili na kitu, au kunde, ambazo majani yake utayachuma mboga baada ya wiki tatu nne. Mwenye mahindi naye achungulie moyo wa kila mche, kwani viwavijeshi vilivyoingia Kenya mwaka 2017 hujificha humo.

Lakini mlinzi wa kaskazi ni muhogo. Kibandameno tuliyopanda Mei tulianza kuing'oa Januari, shina moja moja kwa kadiri ya chungu, kwa sababu ghala lake ni ardhi yenyewe. Ukikata vijiti vya kupanda, epuka shina lenye majani ya madoa na yaliyojikunja. Huo ni ugonjwa wa batobato, utaupanda pamoja na muhogo.

Kunde za akiba za nyanya ndizo tulizopanda badala ya mahindi yangu. Mbegu za vuli hii mama amemkabidhi nyanya, si mimi.