Sindano na Kisu: Nani Bingwa wa Uvimbe Mdogo wa Figo?

1. Mchapakazi. Ni figo! Zote mbili hupitisha damu karibu lita moja kila dakika: mtungi wa lita 20, ule wa foleni ya bombani Koboko, Uganda, ungejaa kwa dakika 20. Kwa siku huchuja lita 180, yaani mitungi 9. Ndiyo maana uvimbe ukiwa wa sentimita 4 kushuka, saizi ya ndimu, madaktari hujitahidi kuiokoa figo yenyewe: kisu hukata uvimbe tu, au sindano huuchoma kwa moto au kuugandisha kwa baridi.

2. Mkongwe. Kisu, bila ubishi. Daktari mpasuaji Gustav Simon aliondoa figo kwa upasuaji uliopangwa mjini Heidelberg, Ujerumani, tarehe 2 Agosti 1869.

3. Upasuaji wa subira. St. Louis, Marekani, 1990: daktari Ralph Clayman alitoa figo ya bibi wa miaka 85 kupitia matundu madogo, mara ya kwanza duniani. Saa 6 na dakika 45! Basi lililoondoka Arua dakika ileile, kwa kawaida lingekuwa bado halijaingia Kampala.

4. Chembamba zaidi. Sindano ya kugandisha uvimbe ina unene wa milimita 1.5 hivi. Spoku ya baiskeli ni 2. Hupenya ngozi ikiongozwa na picha ya siti skani, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Upasuaji wa wazi huacha mshono wa shubiri nzima ubavuni, na kitanda cha siku kadhaa.

5. Moto na baridi. Seli hufa papo hapo kwenye nyuzi 60. Arua, mita 1,200 juu ya bahari, maji ya chai huchemka kwenye 96 hivi. Basi sindano ya moto haihitaji hata kufikia birika. Ya baridi ndiyo ya kutisha: gesi ya agoni huishusha ncha chini ya nyuzi 100 hasi, wakati friza ya nyumbani huishia 18 hasi. Uvimbe hugandishwa, huyeyushwa, hugandishwa tena.

6. Asiyebakiza. Hapa kisu kinachukua kombe, na hili ndilo kombe kubwa. Uvimbe ukipita sentimita 3, sindano huanza kuacha mabaki pembeni. Inaweza kurudiwa, lakini mgonjwa atapigwa picha miaka na miaka.

7. Mvivu kuliko wote. Uvimbe wenyewe! Wastani wa milimita 3 kwa mwaka, kama upana wa punje ya mchele. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, kuuchunga tu ni tiba halali.

8. Safari ndefu. Koboko hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, iliyoanza 1967: kilomita 530 hivi. Zidisha kwa kila picha ya namba 6, kwenda na kurudi, ndipo utaona kwa nini mtu wa Koboko anaweza kuchagua mshono wa shubiri.