Filamu Nyepesi Inapoishinda Deki

DVD ya kawaida inaruhusiwa kubeba picha kwa kasi inayofika megabiti 9.8 kwa sekunde, na deki ya bei nafuu kabisa huicheza mwanzo hadi mwisho bila kusita. Chukua sasa filamu ya dakika 100 iliyobanwa kwa DivX au Xvid ikaenea kwenye CD moja ya megabaiti 700. Ukipiga hesabu, haifiki hata megabiti 1 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Ni nyepesi karibu mara kumi, na bado ndiyo inayoganda, inayorukaruka na kuachana na sauti yake. Lawama huangukia lenzi, na lenzi hubadilishwa. Lakini ukifuatilia dalili kwa makini, mara nyingi zinaelekeza kwenye faili lenyewe na jinsi lilivyotengenezwa, na tiba ianzie huko.

Wepesi huo una gharama, na anayeilipa ni chipu ya deki. MPEG-2, inayotumiwa na DVD, na MPEG-4 Sehemu ya 2, inayofuatwa na DivX na Xvid, zote huhifadhi mabadiliko kati ya fremu badala ya kila fremu nzima. Hii ya pili huenda mbali zaidi: inaruhusu mwendo wa vitu upimwe hadi robo ya nukta, mbinu iitwayo QPel, na mwendo wa kamera nzima uelezwe kwa hesabu chache, mbinu iitwayo GMC. Kwa kompyuta hilo si jambo kubwa, kwa kuwa ina kumbukumbu tele na prosesa ya kazi zote. Chipu ya deki imeundwa kwa kazi maalumu, na nyingi hazikuandaliwa kwa mbinu hizo mbili, au huzimudu kwa kiasi tu. Filamu ya fremu 25 kwa sekunde inaipa deki milisekunde 40 kwa kila fremu. Muda ukipita kabla kazi haijaisha, fremu hutupwa, na mtazamaji huona picha ikiruka. Ndiyo maana hoja ya kwamba faili ni zima kwa sababu linacheza vizuri kwenye kompyuta haithibitishi chochote kuhusu deki.

Kuna jambo la pili, nalo hudanganya wengi: wastani. Megabiti 1 ni wastani wa filamu nzima, huku programu ya kubania ikizigawa biti kulingana na ugumu wa picha. Watu wawili wakizungumza chumbani hutumia biti chache sana. Mvua, moto au mawimbi ya bahari hupandisha kasi mara nyingi zaidi ya wastani. Deki hujikinga kwa kumbukumbu ndogo ya muda, ambayo ni kama tangi la maji la nyumbani: linajazwa polepole na kuchotwa kwa mahitaji ya wakati huo. Mchoto ukizidi mjazo kwa sekunde kadhaa, tangi hukauka na picha huganda. Kwa hiyo faili likiganda kila mara katika tukio lilelile la vurugu, hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko maelezo yoyote.

Mtetezi wa nadharia ya lenzi atasema kwamba lenzi huchakaa kweli, na CD duni iliyochomwa kwa kasi kubwa husomeka kwa shida. Ni kweli, na jaribio la kutenganisha mambo haya ni rahisi. Nakili faili hilohilo kwenye fleshi, ikiwa deki ina mlango wa USB. Likikwama palepale, lenzi haihusiki. Likicheza vizuri, basi chunguza CD na lenzi, bila kusahau kwamba hata hapo faili linaweza kuwa na hatia: kwenye faili la AVI sauti na picha hupangwa kwa vipande vinavyopishana, na vikiwekwa mbali kimoja na kingine, lenzi hulazimika kurukaruka ikivitafuta.

Mpangilio huo hurekebishwa kwa programu ya bure kama VirtualDub, kwa kunakili picha na sauti bila kuzibana upya, hivyo ubora haupungui hata kidogo. Anza na hatua hiyo. QPel, GMC na vilele vya biti haviondoki kwa njia hiyo. Hapo ni lazima kubana upya, mbinu hizo mbili zikiwa zimezimwa, kwa kuchagua wasifu wa DivX uitwao Home Theater, ambao huweka ukomo wa ukubwa wa picha na wa kasi ya biti. Wapo wanaokataa kwa kuwa kubana mara ya pili hupunguza ubora. Hupunguza kweli, lakini picha iliyofifia kidogo na inayotiririka inatazamika; picha kali inayokatika kila dakika haitazamiki. Faili lililobanwa kwa H.264 nalo halichezi kabisa kwenye deki iliyoundwa kwa DivX pekee, hivyo hilo pia hubanwa upya.

Kabla hujalipia lenzi mpya, mpe fundi fleshi yenye filamu hiyo na umtake aicheze mbele yako.